Nilinunua Mjerumani wa milango mitatu, mama mkwe akapanda bodaboda

Wakuu, salaam kutoka Singida, mji ambao foleni yake kubwa ni ng'ombe wakivuka barabara kwenda kunywa maji.

Leo naongelea magari. Wale wa siasa na mapenzi mnipishe kidogo, ingawa mapenzi nayo yatapita humu mbele ya safari. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na pale nilipochekesha watu nimeacha hivyo hivyo mnicheke.

Kwa tusiojuana: mimi ndiye yule jamaa anayebishana kila wiki jukwaa la magari kuhusu hot hatch za Ulaya. Umri ni arobaini na ushee, nakamua alizeti hapa Utemini, na ugonjwa wa magari ninao tangu shule ya msingi.

Hot hatch kwa asiyejua ni gari dogo la kawaida, lile la kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Wazungu wamelichukua wakalifungia injini yenye turbo, breki kubwa, suspension ngumu na viti vya kukubana mbavu, halafu wakaliuza kwa bei ambayo hata mwalimu wa kwao anaweza kujikakamua akaifikia. Likizeeka kidogo linakuja kwetu, na hapo mkamua alizeti naye anaanza kuota.

Msimamo wangu mnaujua. Mjapani wa mbio ni mzuri, sibishi, lakini siku hizi unalipia sifa kuliko gari. Kwa mtu wa kipato cha kati anayetaka kutabasamu kwenye kona, mwambie aangalie Ulaya.

Mfaransa ndiye anayejua kona. Gari lake jepesi, stelingi inakupa taarifa zote mikononi, na kwenye barabara mbovu linakanyaga kwa upole. Ila plastiki za ndani zinalialia, na spea zake kuzipata Singida ni sawa na kutafuta pweza mnadani.

Mwitaliano ana sura na ana sauti. Mimi nikipata gari la pili nitamchukua yeye. Neno la muhimu hapo ni "la pili", maana la kwanza lazima liwake kila asubuhi.

Mjerumani yuko katikati. Hakupi kichaa cha Mwitaliano, lakini ukifunga mlango wake unasikia umefunga kitu. Sitaji kampuni, nawajua watu wangu, uzi utageuka mechi ya watani wa jadi.

Kinachonivutia kwenye haya magari ni kwamba hakuna uzuri uliokuja bure. Ukitaka lishike kona, unalishusha chini, na ukilishusha chini, tuta la kwanza linagonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukitaka breki kubwa lazima uweke rimu kubwa, rimu kubwa inataka tairi nyembamba, na tairi nyembamba ikikutana na mawe yetu ya Singida rimu inapinda. Turbo ndogo inaamka mapema, lakini inakula joto na haitaki oili ya kuokoteza. Ukipeleka nguvu zote tairi za mbele, gari linakuwa na nafasi nyuma na bei inashuka, lakini ukikanyaga mafuta ukiwa unatoka kwenye kona stelingi inakuvuta upande.

Mhandisi anakaa ofisini kwake anaamua nini akipe na nini akinyime. Sisi huku tunaishi na maamuzi yake.

Halafu kuna suala la milango.

Hapo ndipo nimegombana na nusu ya jukwaa. Nilikuwa nasema hot hatch halisi ni milango mitatu, yaani miwili ya pembeni na ule wa nyuma wa mizigo. Bodi yenye matundu machache ni ngumu zaidi, haijipindi kwenye kona. Gari linakuwa jepesi kidogo. Na sura sasa! Ubavu mmoja laini kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, haujakatwakatwa na mlango wala kitasa cha pili.

Kuna mkuu mmoja alisema yeye anapendelea milango mitano. Nikamjibu humu humu kwamba akanunue Noah apakie kwaya. Mlinipa like nyingi sana siku ile.

Sasa tuje kwenye kisa.

Zamani nilikuwa na Toyota IST, kama Mtanzania mwenzenu. Tulikuwa nayo mimi na mke wangu, Anjela.

Anjela hakuwa mtu wa magari hata kidogo. Nikimweleza habari za turbo alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, halafu anauliza swali moja tu.

"Lakini linafika Mgori?"

Mgori ndiko kwao. Ni kijiji cha wakulima huku Singida vijijini, karibu na msitu, barabara ya vumbi na mawe. Kwake yeye gari lolote duniani lilipimwa na barabara ile.

Tulikuwa tunakwenda mara kwa mara kumchukua mama yake tukamleta mjini, kliniki au kwenye shughuli za ndugu. Na hapa inabidi niwaeleze kitu wale msio wa huku.

Mimi ni Mnyaturu na wao ni Wanyaturu. Mama mkwe wangu ni wa kizazi cha zamani, na heshima kati yake na mimi ina mipaka yake. Hatushikani mikono. Hatukai benchi moja. Nikimkuta njiani napisha pembeni, namwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," naye anaitikia "Marahaba mkwe" bila kuniangalia usoni. Siyo kwamba tunachukiana, jamani. Heshima yenyewe ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kwenye IST mpangilio ulikuwa unajulikana. Mimi kwenye stelingi, Anjela mbele pembeni yangu, mama nyuma. Kioo cha ndani nakiinua juu nisimtazame, natumia vya pembeni. Najua walimu wa udereva hawatanielewa.

Na mama akitaka kuniambia kitu haniambii mimi. Anamwambia mwanae.

"Anjela, mwambie mwenzio apunguze mwendo."

Anjela anageuka upande wangu, anajizuia kucheka. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

Umbali kutoka mdomo wake mpaka sikio langu ni mkono mmoja, lakini ujumbe lazima upitie kwa Anjela. Safari nzima ilikuwa hivyo. Mwambie mwenzio kuna mbuzi mbele. Mwambie mwenzio asante. Nilikuwa naona ni usumbufu kidogo, na mimi mguu wangu mzito, kwa hiyo ule wa kupunguza mwendo niliusikia sana.

Anjela aliugua kipindi cha mavuno, akaondoka kabla alizeti haijaisha kuanuliwa uwanjani. Hatukujaliwa mtoto.

Sitaandika mengi hapo. Nitasema tu kwamba nilikuwa mpweke, wakuu, na sioni aibu kuliandika hilo neno. Nilikuwa nawasha redio jikoni na nyingine chumbani ili nikitoka huku nisikute kimya kule. Nilikuwa nachelewa kufunga mashine makusudi. Watu wa msiba wanakuja, wanakaa, wanaondoka, na kila mmoja ana haki ya kurudi kwake.

IST sikuweza kuiendesha. Kile kiti cha mbele kilikuwa bado kimesogezwa nyuma kabisa, alivyokuwa anapenda kunyoosha miguu. Nikaiuza.

Nikanunua Mjerumani wangu. Milango mitatu, gia za mkono, turbo, rangi ya kijivu. Mliona picha, wengi mlinipongeza.

(Samahani, nimekatishwa na mteja wa mashudu ya alizeti. Naendelea.)

Siwezi kusema uongo, lile gari lilinisaidia. Nyumba ilikuwa kimya lakini ukiwasha ile injini asubuhi kulikuwa na kitu kinaniitikia. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa natoka mjini, nakamata lami ya Dodoma mpaka Mkiwa pale njiapanda, nakunywa soda, nageuza. Sina ninachofuata Mkiwa. Gia ya tatu, turbo inavuta, mashamba yanapita, upepo wetu wa Singida unalisukuma gari ubavuni na bodi haitikisiki.

Mama mmoja muuza vitunguu pale njiapanda alishanizoea.

"Leo umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Gari zuri namna hii, peke yako?"

Nikawa nanunua vitunguu ambavyo sivihitaji, nyumbani vinaota majani.

Na hakuna wa kuongea naye kuhusu gari lenyewe. Fundi wangu hapa mjini, mtu hodari kabisa kwa Mjapani, alifungua boneti akaangalia lile funiko la plastiki linaloficha injini yote, akalifunga taratibu. "Bosi, hili mimi nitalifuta vumbi tu." Vijana wa mtaani wanapiga picha nalo, wanaondoka. Ndiyo maana nilikuwa nashinda humu na kwenye group letu la WhatsApp la wapenda magari wa Dar, nabishana kuhusu milango na watu nisiowajua sura.

Mama mkwe nilikuwa namtumia salamu na mafuta ya kupikia kupitia shemeji yangu Gabrieli, mdogo wake Anjela, ambaye analima pale nyumbani. Kwenda mwenyewe niliacha. Ile barabara ingeniulia gari. Hicho ndicho nilichokuwa nawaambia watu, na nusu yake ilikuwa kweli.

Siku moja Gabrieli akapiga simu.

"Shemeji, macho ya mama yamezidi. Ni mtoto wa jicho. Madaktari wa macho wanakuja hapo mjini, wametangaza kanisani. Wakiondoka haijulikani watarudi lini."

"Nakuja kumchukua mwenyewe," nikasema. Wala sikufikiria mara mbili.

Nataka muelewe kitu kilichokuwa moyoni mwangu. Yule mama ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayemjua Anjela kuliko mimi. Sina mtoto, wazazi wangu hawapo. Sasa mkwe ambaye mke wake amefariki ni nani katika ukoo ule? Hakuna aliyeniambia, na mimi nilikuwa naogopa kuuliza. Nilitaka nifike pale, nimpakie, nimpeleke akaone tena, ili ijulikane mimi bado ni mtu wao.

Nikatoka alfajiri. Lami ilipoisha, shughuli ikaanza. Wenye magari ya chini mnajua: unaingia kwenye bonde kwa mshazari, tairi moja moja, unashuka unakwenda kuangalia jiwe kwa macho, unarudi kwenye gari. Sampo iligonga, nikafumba macho. Nilifika vumbi limejaa mpaka kwenye meno, jua lishapanda, na Noah ya abiria ya asubuhi nilipishana nayo njiani ikienda mjini.

Mama alikuwa ameshajiandaa. Kitenge kipya, kitambaa kichwani, mfuko wake miguuni. Nikasimama mbali pale penye heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Pole na barabara."

Gabrieli akamshika mkono akamleta mpaka kwenye gari, kisha akamwachia akaenda kuchukua mfuko.

Mama haoni vizuri, kwa hiyo alikuwa anatumia mkono. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari, nyuma ya mlango wa mbele, pale ambapo kwenye IST kulikuwa na kitasa chake. Akapapasa. Hakuna kitu. Akarudisha mkono, akapapasa tena chini kidogo. Ule ubavu laini niliouposti humu kwenye picha, ule usiokatwakatwa, ndio aliokuwa anaupapasa. Akazunguka upande wa pili, akafanya vile vile.

Halafu akamuuliza Gabrieli kwa Kinyaturu, na mimi nikasikia vizuri.

"Mlango wangu uko wapi?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Gabrieli akamwelewesha kwamba anaingilia mlango wa mbele, kiti kinalala, anapita. Mama ana goti bovu, la kulia, halikunjiki vizuri. Na viti vya hot hatch si mnavijua, vina mabega marefu ya kukushika kwenye kona. Kiti kikilala kinaacha upenyo wa kupita mtoto wa shule.

Sasa mama mkwe akiwa ameinama anahangaika kupita kwenye tundu lile, mimi sipaswi hata kuangalia. Nikageuka nikawa nayatazama mawe makubwa kule mbele. Nasikia tu. Nasikia Gabrieli, "Inamisha kichwa mama. Leta mguu. Huo mwingine." Nasikia mkanda unakwaruza. Nasikia mama anaguna. Majirani wameshaanza kusogea, mmoja anasema, "Gari gani hili lisilokuwa na mlango?" Kisha nikasikia mama anasema kwa sauti ndogo, "Nitoeni."

Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua goti.

Mimi nikafanya kosa. Muda unakwenda, madaktari wanasubiri, na kichwa changu kilikuwa cha dereva. Nikamwambia Gabrieli kwa sauti ya kusikika na wote:

"Shemeji, mama akae mbele tu. Siku hizi watu hawaangalii mambo hayo. Na Anjela mwenyewe hayupo."

Mama akaacha kusugua goti. Majirani wakatazamana.

Mama hakunijibu mimi. Aliongea na Gabrieli, polepole, na Gabrieli akawa anatafsiri kwa Kiswahili kana kwamba mimi ni mgeni nisiyejua Kinyaturu. Ndivyo inavyotakiwa, maneno yapite kwa mtu.

"Mama anasema, namwuliza mkwe wangu, nikikaa pale mbele nitakuwa nani wake? Mwanangu ameondoka. Mtoto hakuacha. Kilichobaki kinachofanya huyu awe mkwe wangu ni hii heshima peke yake. Nikikaa pale leo, kesho yeye ni mtu wa mjini aliyenipa lifti."

Miezi yote nilikuwa najiuliza bado mimi ni nani kwake, na jibu lilikuwa lipo, alikuwa analishikilia yeye kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyekuja pale kumwambia aliachie kwa sababu ya kiti.

Mama akaenda mjini kwa bodaboda.

Gabrieli alimwita jirani mwenye pikipiki. Wakampakia katikati, dereva mbele, Gabrieli nyuma amemkumbatia, na goti lile bovu limening'inia. Mimi nikafuata. Kupita mbele siwezi, nitawatimulia vumbi. Kwa hiyo nilikaa nyuma yao njia nzima, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza. Farasi mia mbili za Mjerumani zinanusa vumbi la pikipiki, viti vitatu vitupu, na mfuko wa mama peke yake kwenye kiti cha mbele.

Kitambaa chake cha kichwani nilikuwa nakiona kinarukaruka mbele yangu kila wakigonga jiwe. Nililia, nisifiche. Hakuna aliyeniona, vumbi lilikuwa kubwa.

Waliwahi. Jicho la kwanza likafanyiwa upasuaji, likaenda vizuri. Alilala kwa binti wa dada yake hapo hapo Utemini, na kurudi Mgori nilimkodia mtu mwenye IST. Daktari akasema jicho la pili lisubiri miezi kadhaa, timu itakaporudi.

Mimi nikarudi nyumbani nikakaa kwenye gari langu uani, sijawasha. Nikaanza kuliangalia upya. Mhandisi wa Kijerumani aliyechora ule ubavu hakufanya kosa lolote. Aliambiwa achore gari la mtu mmoja na furaha yake, na mwenzake mmoja wa mbele. Alichora vizuri sana. Tatizo ni mimi niliyeliona lile gari nikasema hili ndilo langu.

Nilifanya nini? Mtacheka.

Nilimtafuta jamaa mmoja wa Dodoma ambaye nilishawahi kubishana naye. Ana gari lile lile, kampuni ile ile, injini ile ile, ila milango mitano. Limetembea zaidi, gia ni automatic, na aliyekuwa nalo kabla yake alilipandisha suspension kidogo kwa ajili ya rough road, dhambi kubwa kwenye dini yetu. Ndiye yule yule niliyemwambia akanunue Noah. Tukabadilishana gari kwa gari. Alicheka mpaka akashika boneti, halafu nilipomweleza sababu akanisaidia kuhamisha spana zangu.

Group la WhatsApp walinichamba wiki nzima. "Umeuza roho." "Karibu kwaya." Haki yao.

Na tuwe wakweli kiufundi: gari hili ni baya kuliko lile. Kwenye kona linalala kidogo. Ile gia yake inafikiri kabla ya kukubali. Ukipita kwenye mashimo unasikia bodi ikiguna mahali fulani nyuma, pale kwenye nguzo kati ya milango. Anayewaambia hakuna tofauti anawadanganya.

Timu ya macho iliporudi, Gabrieli akapiga.

"Mimi siwezi kuja safari hii, alizeti imeshakatwa, iko chini. Nimemwambia mama gari lina mlango. Anasema akikaa nyuma, ni sawa."

Yaani mimi na yeye tu. Hatujawahi.

Nikafika Mgori bila kugonga sampo. Mama alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari, sasa jicho moja linaona. Akanyoosha mkono, kitasa kikawa pale, akavuta. Akaingia, akajipanga, akaweka mfuko wake pembeni. Nikafunga mlango kwa nje bila kumtazama. Kioo cha ndani nikakiinua juu.

Hakuna wa kupitishia maneno. Nilitaka kumuuliza goti linaendeleaje, nikashindwa nimuulizeje. Yeye nilimsikia mara kadhaa anakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu anaacha. Kiti cha mbele kitupu katikati yetu. Njia nzima ya vumbi tulikwenda hivyo, na niliona upweke wangu umepata abiria wa pili.

Kisha tukakaribia mjini, lami ikaanza.

Nanyi mnanijua. Miezi yote mguu uko vile vile. Lami ilivyonyooka, nikakanyaga bila hata kuwaza, turbo ikaamka, gari likachomoka.

Sauti ikatoka nyuma, taratibu kabisa, haikuelekezwa kwangu. Ilielekezwa kwenye kile kiti cha mbele.

"Anjela, mwambie mwenzio apunguze mwendo."

Nikatoa mguu.

Nilikiangalia kiti, nikaiangalia barabara, na nikajibu kule kule nilikokuwa nikijibia siku zote.

"Mwambie nimesikia."

Tukaenda mpaka hospitali kwa mwendo wa baiskeli. Njiani akamwambia Anjela aniambie kuna ng'ombe mbele. Nikamwambia Anjela amwambie mama nimewaona.

Jicho la pili nalo limepona. Sasa Jumapili siendi tena Mkiwa, nakwenda Mgori.

Nilichojifunza, wakuu: ukisoma mtandaoni kwamba gari fulani limepunguzwa hiki ili lipate kile, uliza hicho kilichopunguzwa kilikuwa cha nani. Kwenye makaratasi ni kilo na ugumu wa bodi. Kule Mgori ni mama mwenye goti bovu anapapasa bati akitafuta kitasa. Bado naamini milango mitatu ndiyo hot hatch halisi, na hilo sitalifuta. Nimeamua tu kuendesha isiyo halisi.

Uwanja ni wenu. Wenye milango mitatu njooni mnishambulie, wa milango mitano njooni mnidai, hasa yule wa Dodoma. Ila kabla hujaniandikia habari za ugumu wa bodi, toka nje uende kwenye gari lako, uangalie kiti cha nyuma, halafu utuambie hapa: nani alikaa pale mara ya mwisho?